SOMO LA WIKI: MWANAUME HUPIMWA KWA NINI?

Maandiko: Mwanzo 17:23–27, 21:4, 34:13–31, 1 Wakorintho 16:13–14

Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, vijana wengi wa Uasin Gishu na Nandi huingia menjo. Huko hutahiriwa na kufundishwa, na wakitoka wanaitwa murenik. Ndugu zetu Wabukusu nao hungoja Agosti ya mwaka kama 2024 au 2026. Kijana wa imbalu husimama wima mbele ya watu, amepakwa matope, na hatakiwi hata kupepesa jicho. Waturkana wa kaskazini kwa desturi hawatahiri; kijana wao huchoma mnyama kwa mkuki katika asapan. Wajaluo wa zamani waling'olewa meno sita ya chini.

Jumapili hao wote huketi benchi moja. Sasa, kama kipimo cha kweli ni cha kwetu peke yake, huyu jirani yangu ni nani?

1. Mungu hupokea kwanza. Abrahamu alitahiriwa akiwa na miaka 99, Ishmaeli 13, na Isaka siku nane tu. Angalia hapo vizuri. Mtoto wa siku nane hulia, hana ujasiri wa kuonyesha mtu. Hata hivyo aliingia katika agano. Tohara ile haikuwa shindano la ushujaa, ilikuwa alama ya ahadi ya Mungu.

2. Kisu hakibadilishi moyo. Simeoni na Lawi walikuwa wametahiriwa, lakini waligeuza tohara kuwa silaha, wakawaua watu wa Shekemu wakiwa bado na maumivu. Sisi Wakenya tunalijua jambo hilo. Katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, kuna wanaume waliokamatwa Naivasha na Nakuru wakatahiriwa kwa nguvu kwa sababu ya kabila lao. Waliofanya vile walijiona wanaume kamili. Yakobo hakuwapongeza wanawe. Hata alipokaribia kufa aliilaani hasira yao (Mwanzo 49:5–7).

3. Uhodari huenda na upendo. Paulo anawaambia Wakorintho wawe hodari kama wanaume, na mara hiyo hiyo anaongeza kwamba yote wayatende kwa upendo. Maumivu ya kisu yana mwisho. Lakini kulipa karo muhula baada ya muhula, kufika nyumbani na mshahara bila kupitia baa, kumwomba mke msamaha watoto wakisikia: huo mtihani hauishi.

Wazazi, hatusemi kila mila ni mbaya. Kuheshimu wazee na kuvumilia ni mambo mema. Yako makanisa yanayopeleka vijana hospitalini, kisha wanakaa pamoja chini ya walimu Wakristo. Popote utakapompeleka wako, uliza mapema: ni nani atakayemfundisha, na atamfundisha nini? Kijana akirudi Januari anamdharau mama yake na mwalimu wa kike, au anamwita mwenzake mtoto kwa sababu ya kabila, basi kidonda kimepona lakini somo limepotea.

Maswali ya ushirika wa nyumbani
- Kwenu mwanaume hupimwa kwa nini? Ni lipi la kushika, na lipi la kuacha?
- Akina mama, vijana wetu wanajifunza nini wakitutazama nyumbani?
- Wiki hii, ni nani niliyemdharau ninayepaswa kwenda kupatana naye?