Kukata mvumo wa umeme kwa MF10

Swali: Mimi ni fundi wa redio hapa Embu. Nitapangaje chipu ya MF10 ikate mvumo wa umeme kwenye ampulifaya ya kanisa, au ipitishe besi pekee?

Jibu: Fundi, kwanza kagua kapasita za pawa saplai, zikichoka, mvumo huwa wa hezi 100, na kukata 50 hakutakusaidia. Zikiwa nzima, weka pini ya 12 kwenye nusu ya volti, uwiano wa saa na masafa ya kichujio uwe 100 kwa 1, kisha ipe mapigo ya saa 5,000 kwa sekunde. Katika mpangilio wa kwanza wa chipu (Mode 1), chukua sauti pini ya 3. Rezista R3 iwe mara kumi ya R2: utakata upana wa hezi 5 tu kwenye 50, sauti ya mhubiri ibaki. Kwa besi, hamia pini ya 1, mapigo 15,000, na R3 iwe 0.7 ya R2, la sivyo hezi 150 zitanguruma.