Kushangilia si Kutukana

Leo nataka tujifunze maneno matatu: kushangilia, kuzomea na kutukana. Msicheke! Kuna kisa kilichonifunza tofauti yake.

Muhula uliopita tulitoka hapa Kitengela tukaenda Kajiado mjini kwa mechi ya kandanda. Wazazi wachache walitusindikiza, baba yangu akiwemo. Mimi hucheza beki wa kushoto. Zikiwa zimebaki dakika chache, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, wenyeji walirusha mpira kwa mikono ukamfikia mshambulizi wao aliyesimama nyuma yetu peke yake. Akafunga. Lo! Baba akaruka mstari, akamwendea refa mbio. "Hiyo ni ofsaidi! Wewe kipofu! Umehongwa!" Refa mwenyewe alikuwa kijana tu. Akapuliza kipenga, mchezo ukasimama hadi baba alipoondolewa uwanjani. Wenzangu wote walinitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa tuitazame sheria. Kuotea, yaani ofsaidi, kumeelezwa katika Sheria ya 11 ya kandanda. Sheria hiyo inasema kwamba mchezaji hana kosa akipokea mpira moja kwa moja baada ya kurushwa kwa mikono au kupigwa kona. Kwa hivyo refa alikuwa sawa, baba ndiye aliyekosea. Tena, Sheria ya 5 inampa refa uamuzi wa mwisho. Anaweza hata kuvunja mechi watu wa nje wakiingilia mchezo. Tangu 2019, makocha nao huonyeshwa kadi za njano na nyekundu. Mzazi hana kadi yake. Adhabu huwaangukia watoto.

Turudi kwa maneno yetu. Kushangilia ni kumtia mtu moyo kwa vifijo na makofi. Kuzomea ni kumpigia mtu kelele za kumdharau. Kutukana ni kumvunjia mtu heshima kwa maneno mabaya. Siku ile baba alidhani ananishangilia, kumbe anamtukana mtoto wa mwenzake.

Tulishindwa mabao mawili kwa moja. Usiku nyumbani nilipanga vikombe mezani, nikamweleza baba ile sheria polepole, kwa adabu. Alinyamaza kitambo. Halafu akasema, "Kumbe! Na yule kijana sikumwomba msamaha." Mechi iliyofuata alikuja tena. Alisimama nyuma ya mstari, akapiga makofi tu. Sijawahi kucheza vizuri kama siku hiyo.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wazazi wakitukana refa leo, kesho sisi tutamtukana nani?

Zoezi: Mzazi akipaaza sauti, "Refa, nunua miwani!" je, anashangilia, anazomea au anatukana? Leteni majibu chamani.