Mwezi Ukichelewa: Tuhesabu Kabla ya Kuogopa

Katika vikundi vya akina mama na semina za vijana, swali hili halikosi: "Mwezi wangu umechelewa. Je, ni mimba?" Wengine huuliza kwa furaha, wengine kwa machozi. Kwa hofu tu, msichana anaweza kutoroka nyumbani, bibi na bwana wakagombana, au mtu akanywa dawa "ya kuteremsha mwezi" ambayo inaweza kumwua. Basi tujifunze pole pole.

1. KUHESABU SIKU

Hesabu huanza siku ya kwanza ya kutoka damu na huisha siku moja kabla ya hedhi inayofuata. Wengi tumeambiwa lazima ziwe siku 28. Hiyo ni namba ya kufundishia tu. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida. Kwa msichana aliye katika miaka mitatu ya kwanza ya hedhi, hata siku 45 si ajabu.

Tuchukue mfano. Mama ameweka alama kwenye kalenda: 3 Machi, 31 Machi, 3 Mei, 29 Mei. Ukihesabu utapata siku 28, halafu 33, halafu 26. Mama huyu si mgonjwa. Lakini kama ameshikilia kwamba ni lazima 28, mwishoni mwa Aprili atakosa usingizi siku tano za bure.

Tena, yai hutoka karibu siku 14 kabla ya hedhi INAYOKUJA, si siku 14 baada ya ile iliyopita. Kwa mama huyu lilitoka karibu siku ya 14, kisha ya 19, kisha ya 12. Na mbegu ya mwanamume yaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Ndiyo sababu wanaohesabu "siku salama" kwa kichwa hushtuka wameshika mimba. Wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi wafundishwe vizuri na waangalie pia dalili za mwili kama ute, wasitegemee kalenda peke yake.

2. MENGINE YANAYOCHELEWESHA MWEZI

(a) Umri: wasichana wanaoanza, na akina mama wanaokaribia kukoma hedhi.
(b) Mawazo mengi: mtihani, matanga, ugomvi wa nyumbani. Hata hofu ya mimba yenyewe inaweza kuchelewesha.
(c) Njaa, kukonda sana, au kazi ngumu na michezo ya kupita kiasi.
(d) Kunyonyesha. Lakini kumbuka, yai laweza kutoka kabla damu haijarudi.
(e) Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Ukiiacha, hedhi inaweza kukawia miezi mingi kurudi.
(f) Magonjwa, kwa mfano ya tezi ya shingo.

3. KUJUA KWA HAKIKA

Kichefuchefu, uchovu na matiti kuuma havitoshi, maana hata hedhi ikikaribia wengine husikia hivyo. Kipimo cha mkojo hupatikana kwenye chemisti na dispensari. Pima baada ya mwezi kuchelewa, ukitumia mkojo wa asubuhi. Ukipima mapema mno kitasema hapana na kumbe mimba ipo. Kikisema hapana na damu haijaja, rudia baada ya wiki moja. Kama siku zako hazieleweki, ngoja siku 21 tangu ulipokutana na mwanamume mara ya mwisho, ndipo upime.

Wazazi, kukosa mwezi si ushahidi. Msichimbe binti kwa matusi mbele ya watu. Kaeni naye kando, msikilizeni, halafu apimwe.

4. USINGOJE HAPA

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiwa na maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au kizunguzungu na kuzimia baada ya mwezi kuchelewa, hata kama damu inayotoka ni kidogo. Huenda mimba imeshika nje ya mfuko wa uzazi, nayo huua. Damu ikijaza pedi kila saa, usikawie pia. Na ukikosa hedhi miezi mitatu huku kipimo kikisema hapana, mwone daktari.

5. NA IKIWA NI MIMBA?

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12. Utapimwa damu na kupewa vidonge vya kuongeza damu. Kama ni mwanafunzi, shule haijaisha: tangu 1994 serikali ya Kenya ina mwongozo unaomruhusu msichana kurudi darasani baada ya kujifungua. Anahitaji nyumba, si kufukuzwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, binti zetu wakiwa na hofu hii humwendea nani kwanza? Kwa nini?
2. Akina baba, mnajua nini kuhusu mambo haya?
3. Tutamsaidiaje anayeuziwa dawa ya kuteremsha mwezi?

KAZI YA NYUMBANI: Kila mama na msichana aweke alama kwenye kalenda siku ya kwanza ya hedhi, kwa miezi mitatu. Ukienda dispensari, beba kalenda hiyo. Swali la kwanza utakaloulizwa ni tarehe.