Saini ni Yako: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Mwalimu Mwenye Akili Mnemba Mkononi

Walimu wenzangu,

Karatasi hii inabandikwa ofisini, jirani na ratiba ya vipindi. Asije mtu akaichomoa kufungia maandazi.

Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa Sensa ya 2022 vilipomaliza kuhesabu watu, vililetwa kwetu. Mwaka huohuo, Novemba 30, ChatGPT ikatoka. Kwa hiyo tulipewa kifaa, na muda si mrefu tukapata cha kukifanyia, ila mafunzo hayakuja kwa kasi hiyo. Wapo wanaosema akili mnemba, wapo wanaosema akili unde. Kwa jina sitagombana na mtu. Nitagombana kwa kazi. Haya nimeyaandika nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi pale Kimara Mwisho, hivyo ukali mwingine ni wa foleni. Uliobaki nimeukusudia.

Usiiwashe kabla hujajua unafundisha nini. Andika kwanza kwa mkono wako umahiri mahususi wa kipindi, andika watoto wamekwama wapi wiki iliyopita, ndipo uulize. Mwalimu anayeanza na "niandalie somo la sehemu za mmea" hupewa somo la mtoto asiyekuwepo popote: darasa la wanafunzi 25, maabara, projekta, na mwalimu msaidizi. Sera inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sisi tunaofundisha huku tunajua idadi inayokaa kwenye madawati yetu mvua isiponyesha.

Fanya hivi: iambie hali halisi. Darasa la nne, watoto zaidi ya mia, ubao mmoja, chaki, vizibo vya soda, hakuna kopi, dakika 40. Iambie lugha ya kufundishia ni Kiswahili cha Tanzania. Usipoitaja Tanzania itakuletea sukumawiki, matatu na shilingi ya Kenya, na mtoto wa Bonyokwa atabaki akikodoa macho kwenye swali la hisabati lisilo na kosa lolote la hesabu. Ukitaka swali la kutoa na kujumlisha, vituo vya mwendokasi vipo tele kutoka Kimara hadi Kivukoni. Abiria wapande Korogwe, washuke Ubungo, wengine waendelee. Mtoto huyo basi analijua.

Usisome kilichoandikwa ukiwa umesimama mbele ya darasa kwa mara ya kwanza. Hili ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote, na nitalieleza kwa urefu.

Mwalimu mmoja, shule siitaji, aliandika ubaoni notsi za Vita vya Maji Maji alizozitoa kwenye simu wakati wa mapumziko. Kiswahili kilikuwa kizuri kuliko changu. Notsi zilisema Kinjekitile Ngwale aliongoza mapigano hadi mwisho wake mwaka 1907. Watoto darasa zima wakanakili, na wengine wakapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kinjekitile alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Vita viliendelea bila yeye, na hapo ndipo penye somo lenyewe: kwa nini watu walizidi kupigana ilhali aliyewapa maji ameshakufa? Swali hilo zuri lilipotea kwa sababu ya sentensi moja laini. Na daftari halifutiki kama ubao. Miezi mitatu baadaye nililiona kosa lilelile kwenye mtihani wa majaribio, limejibiwa kwa mwandiko nadhifu.

Elewa inavyofanya kazi ndipo utaacha kuiamini kama kamusi. Mashine hii haifungui kitabu na kukisoma. Hukisia neno linaloelekea kufuata, kisha lingine, kwa kufuata mkondo wa maandishi mengi mno iliyolishwa, na Kiswahili ndani yake ni kidogo ukilinganisha na Kiingereza. Uongo na ukweli huutoa kwa sauti moja. Mwanafunzi asiyejua jibu hugugumia, hutazama dari, nawe ukamjua. Yenyewe haigugumii. Iombe shairi la Shaaban Robert na huenda ikakutungia lake, vina vimekaa sawa, ikalipachika jina la marehemu.

Fanya hivi: weka kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu Tanzania wazi pembeni. Kama huna nakala, vitabu vya TET vipo kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na kuvisoma ni bure ukitoa bando. Kila mwaka, kila jina la mtu, kila jina la mahali, kila kanuni ya hesabu, linganisha. Ukikuta halimo kitabuni na hulijui, lifute. Usiombe mashine ijihakiki yenyewe kisha ukaridhika; ukiiuliza "una hakika?" inaweza kuomba radhi kwa unyenyekevu na kukupa kosa jipya.

Andalio la somo lina saini chini, na saini ni yako. Mthibiti ubora akija hataikagua simu.

Usiingize jina la mtoto. Usiingize matokeo ya darasa yakiwa na majina, wala picha ya mtoto, wala barua ya mzazi inayoeleza maradhi ya mwanawe. Najua kwa nini mnafanya: orodha ni ndefu, wastani haujakokotolewa, mwalimu wa taaluma anadai ripoti leo. Lakini kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Ukishabandika orodha ile, imetoka mikononi mwa shule na kwenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo ya bahari, na huna namna ya kuifuata. Andika "Mwanafunzi 1, Mwanafunzi 2". Majina yabaki kwenye karatasi, karatasi ibaki kabatini.

Usimpe mwanafunzi wa shule ya msingi simu yako "aulize mwenyewe". Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2023 kuhusu akili mnemba zalishi unapendekeza umri usipungue miaka 13 kwa matumizi ya darasani. Masharti ya wenye ChatGPT nayo yanakataza walio chini ya miaka 13, na aliye chini ya 18 yanamtaka awe na ruhusa ya mzazi. Hesabu umri wa darasa lako. Sehemu kubwa ya shule yetu haijafika. Kama kuna jibu la mashine unataka walione, liandike ubaoni, kisha waambie walitafutie makosa. Nimewahi kufanya hivyo na darasa la saba, nikawaahidi kalamu kwa kila kosa halisi. Sikuwa nimebeba kalamu za kutosha.

Usitunge mtihani wa ujirani mwema kwa kubofya mara moja. Shule tano zinaufanya, makosa yatasambaa shule tano. Maswali ya kuchagua ndiyo mabaya zaidi: utakuta majibu mawili sahihi, au herufi sahihi ni B kuanzia swali la kwanza hadi la nane, na watoto wa siku hizi huligundua hilo mapema kuliko msimamizi. Iombe rasimu ya maswali thelathini, chagua kumi, uyaandike upya, umpe mwenzako ayajibu bila kuona majibu. Akikwama yeye, swali bovu. Na usiwauzie wazazi "mitihani ya kujipima" ya mashine kwa bei ya jasho. Hili silielezi.

Fanya hivi na shida zetu za kweli. Iombe mifano mitano tofauti ya sehemu, kwa ajili ya wale ambao chungwa na mkate havijawasaidia. Iombe ikupangie hadithi moja kwa viwango vitatu vya usomaji, maana darasa la tatu lina wanaosoma aya na wanaounga silabi bado. Iombe ikuigizie mwanafunzi asiyeelewa kukopa katika kutoa, ujipime kama maelezo yako yananyooka. Hapo ina faida, kwa sababu hapo wewe ndiye unayejua jibu na yenyewe inakuongezea njia tu.

Usimhukumu mtoto kwa programu ya kubaini maandishi ya mashine. Nasema hili kwa wenzetu wa sekondari, na kwa yeyote anayesahihisha insha za Kiingereza. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine. Sentensi fupi na msamiati mdogo vilitosha kumtia mtu hatiani, na mtoto wetu wa kidato cha pili anaandika vivyo hivyo. OpenAI wenyewe waliifunga programu yao ya kubaini mwezi Julai mwaka huohuo kwa sababu ya usahihi hafifu.

Fanya hivi badala yake: mwite, mwambie akueleze kazi yake kwa mdomo, dakika mbili. Aliyeandika ataeleza hata kwa kubabaika. Aliyechapishiwa stationari kwa shilingi mia kadhaa atatazama viatu vyake. Na kazi ya nyumbani inayoweza kumalizwa stationari usiitoe tena. Mtume mtoto akamuulize bibi yake Kimara ilikuwaje kabla ya lami kupanuliwa, nyumba zipi zilibomolewa mwaka 2017, watu walihamia wapi. Mashine haimjui bibi yake.

Sasa mafunzo yenyewe.

Usiite mafunzo ile siku moja ya ukumbini yenye projekta, chupa ya maji, cheti na picha ya pamoja. Nimehudhuria nyingi. Kwenye moja mwezeshaji alisoma slaidi za Kiingereza kwa saa tatu, umeme ukakatika, tukasaini posho, tukatawanyika. Hakuna aliyegusa kifaa.

Tunayo MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na ndani yake Jumuiya za Ujifunzaji. Zilikusudiwa walimu wa shule moja wakutane wenyewe, mara kwa mara, juu ya shida ya darasa lao. Mahali pa kujifunzia chombo hiki ni hapo. UNESCO walitoa mwaka 2024 mfumo wa umahiri wa walimu katika akili mnemba: umahiri 15, nyanja tano, ngazi tatu. Nyanja ya kwanza haihusu kubofya chochote. Inahusu mtu kubaki mwenye maamuzi. Anayetaka kuuliza kwa nini naanza na makosa badala ya "amri kumi za haraka za kuandaa somo", jibu ni hilo.

Usinyamaze kwenye jumuiya kwa kuwa wewe ni mzee na hawa vijana wanajua simu. Mwalimu aliyefundisha miaka 28 ndiye atakayesema "mtoto wa darasa la pili hawezi hili". Kijana abofye, mzee asahihishe, wabadilishane.

Na vijana, mwalimu wa zamani akiuliza alama ya kutuma iko wapi, mwonyesheni bila kucheka.

Jumatano ijayo, saa nane mchana, darasa la kwanza B. Kila mmoja aje na andalio moja lililoandaliwa na mashine, likiwa limechapwa au limenakiliwa, pamoja na kitabu cha kiada cha mada hiyo na kalamu nyekundu. Mtakaa wanne wanne na kubadilishana. Asiyeona kosa hata moja kwenye andalio la mwenzake atalisoma tena kwa sauti. Vishikwambi vichajiwe tangu usiku, na ambaye cha kwake kinachezewa gemu na watoto nyumbani akidai mapema. Chai ipo. Mihogo mtajinunulia.