Mpira Nitaugusa Lini?

Leo naanza na kosa langu mwenyewe.

Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Ikungi, hapa Singida, tulikuwa na klabu ya vijana. Kila Jumamosi tukishamaliza mazungumzo ya afya, tunateremka uwanjani kucheza mpira. Kati yetu alikuwepo kijana wa miaka 16 mwenye mguu mmoja, anatembelea magongo. Mimi nikampa filimbi awe refa, nikajiona nimemshirikisha kweli kweli. Jumamosi ya tatu akanirudishia. "Dada, filimbi nimechoka. Mpira nitaugusa lini?"

Nilikosa jibu. Kumbe nilimpa kazi, sikumpa mchezo.

Labda unajiuliza, mchezo una uhusiano gani na afya ya mtu mwenye ulemavu? Mkubwa sana. Wataalamu wanatumia michezo na burudani kama tiba: mtu anafanya jambo analolipenda mwenyewe, lakini nyuma yake kuna shabaha. Pengine ni kuimarisha mabega, pengine kunyoosha vidole, pengine kumtoa ndani ya nyumba apate marafiki. Haichukui nafasi ya dawa wala ya mazoezi ya hospitali, inakwenda pamoja nayo.

Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua kitengo cha walioumia uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Enzi hizo aliyepooza miguu alilazwa tu, na wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann akaingiza michezo ndani ya matibabu. Tarehe 29 Julai 1948 wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Ndiyo mbegu ya Paralimpiki, iliyofanyika mara ya kwanza Roma mwaka 1960.

Kwa nini upinde? (Wahadzabe wa kule Mkalama wangecheka kusikia eti hiyo ni tiba!) Kuvuta upinde kunatumia mikono, mabega na mgongo, yaani viungo vile vile anavyovihitaji mtu wa kiti cha magurudumu ili ajiinue, ahamie kitandani na kujisukuma mwenyewe.

Si lazima kununua upinde. Bao lina kete 64. Mtu mwenye mtindio wa ubongo, au babu aliyepata kiharusi, akiziokota na kuzipanda moja moja, vidole vinafanya mazoezi, na hahesabu "mara ya kumi, mara ya ishirini" kama dawa chungu. Anahesabu namna ya kukufunga wewe! Mdako nao ni hivyo hivyo. Kwa wasioona, mpira wa matambara wenye vizibo vya soda ndani unalia ukibingirika. Mnafunga vitambaa machoni wote, wanaoona na wasioona, halafu mnaona nani mkali.

Tukirudi kwa yule kijana, nilimuuliza swali ambalo ningemuuliza tangu siku ya kwanza: wewe unataka nini? Akasema anataka kucheza mbele. Alikuwa amesikia habari za Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo, iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia Uturuki mwaka 2022. Sheria alizijua: wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo, golikipa ana mkono mmoja, na kuugusa mpira kwa gongo makusudi ni sawa na kunawa. Tukakubaliana naye sheria moja ya nyongeza, kwamba hakuna ruhusa kupiga gongo lake. Siku hiyo alianguka mara mbili. Mama yake akainuka amtoe. "Mama, mbona wenzangu nao wanaanguka?" Mama akakaa.

Tahadhari zipo. Mwenye ualbino acheze asubuhi au jioni, na kofia pana na mikono mirefu, maana jua la Singida halina huruma. Mwenye kifafa asiingie Ziwa Singidani peke yake hata kama anajua kuogelea. Asiyehisi makalio na miguu ajiinue kwenye kiti mara kwa mara, na baada ya mchezo akaguliwe ngozi, kwani kidonda kinaanza bila maumivu. Na kama mtu ameumia karibuni au amefanyiwa upasuaji, muulizeni kwanza daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Klabu yenu mmebadilisha mchezo gani ili mwenzenu aingie? Tuandikieni, na sheria zake mzitaje, tuzijaribu hapa Ikungi. Filimbi siku hizi ninayo mimi.