Dondoo muhimu: Je, biashara yako isajiliwe VAT?

Mfanyabiashara wa Ngara au Biharamulo, tazama mauzo, si faida. Tangu Julai 2023, mauzo yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka, ni lazima uombe usajili TRA ndani ya siku 30. Maharage, mahindi na ndizi ambazo hazijasindikwa zimesamehewa VAT, hivyo usizijumlishe humo.

Wakili au mhasibu wa kujitegemea hasubiri kiwango hicho. Anasajiliwa hata akiwa na wateja wachache.

Ukiuza rejareja kwa wanakijiji na uko chini ya kiwango, ushauri wangu ni usiharakishe: hawawezi kudai VAT utakayowatoza, kwao ni bei tu imepanda. Anayevusha bidhaa zinazotozwa VAT kwenda Rwanda kupitia Rusumo, au Burundi kupitia Kabanga, hesabu yake ni nyingine. Akiwa amesajiliwa, anatoza asilimia sifuri na anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi, mradi ana risiti za EFD na nyaraka za forodha.

Ukishasajiliwa, wasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita, hata kama hukuuza kitu. Na kama hujasajiliwa, usimtoze mteja VAT. Ni kosa kisheria.