Ndara za Ufuoni na Masomo ya Usanifu

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi. Nataka kusomea sanaa na usanifu kwa vitu vinavyookotwa ufuoni, lakini baba aona napoteza wakati. Nianzie wapi?

JIBU: Mwanangu, baba yako mheshimu, ila umhadithie habari ya Flipflopi, jahazi dogo la takriban mita 9 lililoundwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenziwe kwa plastiki iliyotupwa, likavikwa ndara kuukuu zipatazo 30,000, nalo, baada ya kushuliwa mwaka 2018, likasafiri mwaka uliofuata hadi Unguja. Zingatia kwamba kazi ile ilisimama juu ya elimu mbili: ya kuyeyusha plastiki na kuitia katika kalibu, na ile ya kale ya kuunda mkuku na mataruma ya chombo, isiyopatikana ila kwa kukaa na mafundi. Basi, kabla ya kufikiri habari za Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako usanifu husomeshwa hadi shahada, chukua daftari, uchore kila siku kitu kimoja ulichokiokota, ukiandika kimetengenezwa kwa nini na bahari imekichakaza vipi. Kemia nayo, tafadhali, usiidharau, maana plastiki zote hazitaki moto mmoja, na nyingine hutoa moshi wenye sumu. Kwa hiyo usithubutu kuziyeyusha nyumbani.